Mdoezi Kwenye Sinia la Maandishi

Katika uhakiki wa fasihi, hadhira lengwa ni kundi la wasomaji ambalo mwandishi hulikusudia anapoandika, na ambalo kwa ajili yake huamua jambo lipi alieleze kwa kirefu, lipi aliguse tu, na lipi aliache kwa kuwa linajulikana. Nje ya kundi hilo yuko msomaji mwingine ambaye wahakiki hawajampa jina la kudumu, ingawa Kiswahili kina neno linalomfaa: mdoezi, yaani mtu afikaye penye chakula bila kualikwa, akakaa karibu na sinia mpaka mwenye nyumba aone haya na kumkaribisha. Neno hilo lina dharau ndani yake, na makala haya yanalitumia pamoja na dharau yake, kwa sababu swali linaloulizwa hapa ni la adabu sawa na lilivyo la fasihi: mwandishi anapokifurahia kitabu ambacho hakikuandikwa kwa ajili yake, je, anakula haki yake, anakula bahati, au anakula cha mwenyewe? Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini Garissa, na Kaskazini Mashariki mwa Kenya kwa jumla, ndiko linakouma zaidi, maana vitabu vingi vifikavyo huko vilikusudiwa mtu mwingine.

Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti nne ambazo si za watu mahsusi. Ni misimamo iliyopewa midomo ili ipate kujibizana. Yuko Mkutubi, ambaye kazi yake ni kutunza vitabu na kuviazimisha. Yuko Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili. Yuko Mwandishi, Msomali wa Garissa atungaye hadithi kwa Kiswahili. Na yuko Mshairi, mwanamke wa makamo mtunzi wa buraanbur, ambalo ni shairi la wanawake katika mapokeo ya Wasomali. Wenzake humwita Eeddo, yaani shangazi wa upande wa baba, jina ambalo mwanamke wa rika lake huitwa kwa heshima hata na wasio wa ukoo wake. Wote wanne wameketishwa juu ya mkeka chini ya mgunga, mbele ya sanduku la vitabu ambalo limeteremshwa kutoka mgongoni mwa ngamia.

Sanduku hilo linahitaji maelezo. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa la Kenya lilianzisha mjini Garissa maktaba ya ngamia, kwa sababu wafugaji wanaohama na mifugo hawakuweza kulifuata jengo la maktaba mjini, na magari hayakuweza kuzifuata njia za mchanga zinazoelekea kwenye makazi yao. Msafara ulianza na ngamia watatu, nao ulibeba masanduku ya vitabu, hema na mikeka, ukatandaza maktaba chini ya mti, kisha ukaondoka na kurudi baadaye ili vilivyosomwa vibadilishwe. Huduma hiyo ilipata sifa mbali kuliko ngamia wanavyoweza kutembea. Mwaka 2005 Margriet Ruurs, mwandishi wa Kanada, alichapisha kitabu cha watoto kiitwacho My Librarian Is a Camel, kinachoonyesha jinsi watoto wa nchi mbalimbali wanavyofikishiwa vitabu, na Kenya imo. Mwaka 2007 Mmarekani Masha Hamilton alichapisha riwaya ya watu wazima, The Camel Bookmobile, ambayo ndani yake mkutubi wa New York aitwaye Fiona Sweeney anakuja Kenya kufanya kazi na msafara wa ngamia, na katika kijiji cha kubuni cha Mididima kijana mwenye makovu ya fisi anakataa kurudisha vitabu alivyoazima, jambo linalotishia kukikatizia kijiji kizima huduma hiyo. Hamilton aliwahamasisha pia wasomaji wake wapeleke vitabu Garissa. Kwa hiyo riwaya iliyoandikwa kuhusu Garissa kwa ajili ya wasomaji wa Marekani ilisababisha vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Marekani vifike Garissa, na mwenye kupenda kejeli asingeweza kubuni iliyo bora zaidi.

Mjadala uliwashwa na riwaya hiyo. Mwandishi alikiri kwamba ameisoma mara mbili na kuifurahia, naye Mwalimu akamtaka aseme wazi alichofurahia, kwani kitabu kile, kwa maoni yake, kinamchora mtu wa Kaskazini Mashariki kama kitendawili cha kuteguliwa na mgeni. Mwandishi hakukitetea kitabu kwa njia iliyotarajiwa. Alisema kwamba utamu wake ulikuwa katika kile alichokiita ziada ya ufafanuzi, yaani yale maelezo ambayo mwandishi huyatoa kwa ajili ya msomaji asiyejua, na ambayo kwa msomaji anayejua ni kama mtu kuelezwa sura ya mama yake mzazi. Ukame ukielezwa, ngamia akielezwa, namna ya kuketi na kunyamaza kwa wazee ikielezwa, msomaji wa Garissa hajifunzi lolote kuhusu ukame, ngamia wala wazee. Anajifunza mengi kuhusu mtu aliyealikwa, kwa kuwa kila sentensi ya ufafanuzi ni alama ya vidole vya mgeni ambaye chakula kilipikwa kwa ajili yake. Mdoezi, alisema, ndiye pekee mezani anayeiona karamu nzima, kwa maana mwalikwa huona chakula tu.

Mkutubi aliipokea hoja hiyo kwa furaha, tena akaipeleka mbali kuliko Mwandishi alivyotaka. Kwake yeye kitabu hakina mwenyewe kikishatoka kiwandani. Anwani iliyo moyoni mwa mwandishi haiandikwi juu ya jalada, na hata ikiandikwa haimfungi mtu. Alitoa mfano wa Robert Louis Stevenson, ambaye mwaka 1881 alianza kutunga hadithi ya hazina na maharamia kwa kuchora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne, akikusudia kuandika hadithi ya wavulana. Aliyenaswa pamoja na mtoto huyo ni baba yake Stevenson, mzee Thomas, mhandisi wa minara ya taa ya baharini, aliyeipenda hadithi hata akajitwika kazi ya kuorodhesha vitu vilivyomo katika sanduku la baharia mmoja. Kitabu kilitoka mwaka 1883. Mwaka 1929 Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, alikitoa kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina, na hadithi ya mvulana wa Kiingereza ikawa ya wanafunzi wa shule za Afrika Mashariki. Bahasha moja, alisema Mkutubi, imebadilishwa anwani mara tatu na barua iliyomo haijaharibika. Kwa nini basi mtu wa Garissa aombe radhi anapoifungua?

Kwa mfano huo Mkutubi angeshinda kama Mwalimu angekuwa mtu wa kushindana kwa mifano. Mwalimu alirudi kwenye neno lenyewe. Alisema kwamba kudoea kuna sharti moja ambalo wenzake wamelisahau: mdoezi wa kweli ana chakula nyumbani kwake, naye huacha chungu chake akafuata harufu ya chungu cha jirani kwa uroho au kwa mchezo. Mzee Thomas Stevenson alikuwa na vitabu vya watu wazima vya lugha yake, akavua miwani ya utu uzima akacheza na watoto. Mtu aliyeingia karamuni kwa kuwa kwao hakuna moto jikoni haitwi mdoezi. Huyo ana njaa, na kumsifia kwamba anafaidi chakula cha wengine ni kumdhihaki.

Hapo Mwalimu aliukumbusha mkeka historia ambayo wote waliijua, lakini ambayo katika mazungumzo ya fasihi huachwa nje ya mlango. Mwaka 1926, kwa sheria ya wilaya za pembezoni, eneo lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini lilifungwa, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila kibali cha serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru vita vya shifta vya mwaka 1963 hadi 1967 viliendeleza kufungwa huko kwa njia nyingine, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Eneo lililofungwa namna hiyo, alisema, huandikwa na wenye vibali. Ndiyo maana kumbukumbu nyingi za mwanzo za maisha ya kaskazini ni za maofisa wa utawala, kama vile Charles Chenevix Trench, ambaye kitabu chake The Desert's Dusty Face kilitoka mwaka 1964 kwa ajili ya wasomaji walioketi Uingereza. Mtu wa Garissa alikuwamo katika vitabu hivyo kama mandhari, na mandhari haisomi.

Tena Mwalimu hakukisamehe hata Kiswahili, lugha anayoifundisha na kuipenda. Wanafunzi wake waliwahi kutahiniwa katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, ambayo jina lake ni msemo wa watu wanaoishi karibu na samaki: kidagaa kumwozea mtu ni mambo kumharibikia mikononi mwake hali ya kuwa aliyategemea. Mwanafunzi wa Wajir au Mandera, ambaye huenda hajapata kuona dagaa akianikwa, hulazimika kwanza kuelezwa samaki, kisha kuoza kwake, kisha maana ya kuoza huko, kabla hajafika kwenye riwaya yenyewe. Methali za Kiswahili zimejaa matanga, mikondo, ngalawa na pweza, na mtoto wa mchungaji huzikariri kwa ajili ya mtihani kama anavyokariri fomula za kemia. Kama Kiswahili chenyewe, lugha ya taifa, humpokea mtoto huyo mlangoni kama mgeni, basi kumwambia kwamba hali yake ni ya raha kuna ulaini ambao Mwalimu aliuita, kwa maneno yake mwenyewe, ulaini wa wenye vitabu.

Ni lazima isemwe kwamba hoja ya Mwalimu ndiyo iliyo nzito kuliko zote katika mjadala huu, na kwamba Mwandishi hakuijibu kikamilifu. Alichofanya ni kuipunguzia eneo. Alikubali kwamba msomaji wa kawaida ana haki ya kuandikiwa, na kwamba haki hiyo haitimizwi kwa kumsifia uvumilivu wake. Kisha akadai kwamba mwandishi ni msomaji wa aina nyingine, kwa kuwa yeye husoma akitafuta jinsi kitu kilivyoundwa. Mfano wake ulitoka Zanzibar. Muhammed Said Abdulla, baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, alimbuni Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na mwandani wake Najum, na wahakiki hawakuchelewa kumwona nyuma yao Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle pamoja na Daktari Watson. Hadithi za Holmes zilichapishwa katika jarida la Strand kuanzia mwaka 1891 kwa ajili ya Waingereza wa mjini, watu wa treni na taa za gesi, ambao hawakuhitaji kuelezwa ukungu wa London. Abdulla aliyala yale yasiyokuwa yake, akaacha ukungu, akachukua mifupa ya hadithi: siri, mashaka, kosa dogo lililoonwa na jicho moja tu. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 hadi 1958 lililoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Kama Abdulla angesubiri riwaya ya upelelezi iliyokusudiwa yeye, alisema Mwandishi, angesubiri kitabu ambacho yeye mwenyewe ndiye angekiandika.

"Lakini yeye alikuwa na Kiswahili cha kukimiminia," alijibu Mwalimu, "na wasomaji waliokuwa wakingoja. Wewe unakula kwa Conan Doyle, kisha unampikia nani?"

Mshairi, ambaye hadi hapo alikuwa kimya kwa namna ya mtu anayengoja watoto wachoke, aliomba atajiwe mtu ambaye alifanya kinyume, yaani mgeni aliyekuja kudoea kwenye sinia la Wasomali. Mkutubi akamtaja Margaret Laurence. Huyo alizaliwa Kanada mwaka 1926, akafika Somalia ya Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamoja na mumewe, mhandisi aliyesimamia uchimbaji wa mabwawa ya kuwekea maji ya mvua. Hakuwa bado mwandishi wa riwaya. Alisikia mashairi ambayo hayakutungwa kwa ajili yake wala kwa lugha yake, na kwa msaada wa msomi wa Kisomali Muuse Galaal na mwanaisimu B. W. Andrzejewski, waliomfafanulia maneno na maana zake, akayatafsiri kwa Kiingereza katika kitabu kiitwacho A Tree for Poverty. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1954 jijini Nairobi na Eagle Press, tawi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, yaani nyumba ile ile ambayo miaka michache baadaye ingeendesha shindano la Abdulla. Riwaya yake ya kwanza ilifuata mwaka 1960, na mwaka 1968 akatoa kitabu kizima kuhusu waandishi wa Nigeria, kana kwamba tabia ya kusoma ya wengine ilikwisha kumwingia damuni.

Eeddo alitaka kujua kama mwanamke huyo alisikia higgaad. Neno hilo lafaa kuelezwa, kwa sababu ndilo linalotenganisha sikio la Msomali na sikio la Mswahili. Shairi la Kiswahili hufungwa kwa vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mishororo. Gabay, ambalo ni shairi refu na zito la Wasomali, hufungwa kwa sauti za mwanzo wa maneno, kiasi kwamba kila nusu ya mshororo sharti iwe na neno linaloanza kwa sauti ile ile moja, tangu mshororo wa kwanza hadi wa mwisho, hata shairi liwe na mishororo mia. Mtunzi huchagua sauti yake mapema, na tangu hapo hufungika nayo kama ngamia na kamba yake. Hakuna tafsiri inayoweza kulibeba jambo hilo. Mkutubi alikiri kwamba tafsiri za Laurence hazikulibeba, na Eeddo akasema kwamba basi mgeni alikula nyama akaacha mchuzi, jambo ambalo si dhambi, ila asitoke nje akasema ameshiba.

Kisha akasema jambo lililoupeleka mjadala pasipotazamiwa. Katika mapokeo ya kwao, alieleza, shairi haliendi kamwe kwa yule linayemtaja. Sayyid Mohamed Abdille Hassan, baada ya afisa wa Kiingereza Richard Corfield kuuawa katika mapigano ya Dul Madoba mwezi Agosti mwaka 1913, alitunga shairi linalosema na Corfield mwenyewe, na kumwagiza yale atakayoyasimulia akifika ahera. Corfield alikuwa maiti, na hata kama angekuwa hai asingelielewa neno. Anwani ya shairi ilikuwa kaburi, lakini lilitungwa ili lisikiwe na watu wa kambi, na wa kambi ya adui, na wahifadhi wa mashairi ambao kazi yao ni kukariri na kulifikisha lilivyo mahali ambako mtunzi hatafika. Mke akimtungia mumewe buraanbur ya lawama, wanawake wa kisimani ndio wanaoitia moyoni. Kwa hiyo, alisema Eeddo, vijana hawa wanabishana kuhusu kualikwa na kutoalikwa kana kwamba mashairi ni harusi ya mjini yenye kadi, ilhali kwa wafugaji shairi ni moto uliowashwa usiku: humwashia mwenye kambi, na humwongoza yeyote anayeuona kwa mbali.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini haifiki kote. Moto wa Eeddo unaonekana na watu wa lugha moja, na mdukizi, yaani anayesikiliza mazungumzo ya wengine kwa siri, sharti awe anaijua lugha inayozungumzwa. Mwalimu aliliona pengo hilo papo hapo. Alimwambia Eeddo, kwa adabu inayostahili umri wake, kwamba mashairi yake yanaweza kudoewa kwa sababu yapo. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini nchini Somalia mwaka 1972, na zaidi ya nusu karne baadaye sanduku lililo mbele yao halina kitabu hata kimoja cha buraanbur. Watu wa Garissa wanaweza kujadili hadi machweo kama ni halali kula kwa jirani. Jirani, yeye, hajapata kuombwa ajadili kama ni halali kula kwao, maana hakuna alichowekewa.

Juu ya jambo hilo wote wanne walikubaliana, na ndilo pekee walilokubaliana. Mkutubi aliahidi kwamba pakipatikana kitabu cha mashairi ya Kisomali, kitaingia sandukuni; ila ngamia hubeba kwa kipimo, na sanduku limejaa, kwa hiyo kikiingia kimoja hakina budi kutoka kimoja. Mwalimu hakusita kupendekeza kitoke Kisiwa Chenye Hazina. Mwandishi alipinga kwa ukali ambao haukulingana na kitu kidogo kama hicho, akasema kitoke chochote kingine, hata riwaya ya Hamilton, na Mwalimu akamuuliza iweje sasa aitupe ziada ya ufafanuzi aliyoisifia tangu asubuhi. Mkutubi akasema kwamba hatoi kitabu ambacho jina la aliyekiazima mara ya mwisho halijakauka wino.

Eeddo aliomba kwanza asomewe hicho kinachotaka kufukuzwa, kwa sababu haifai kumhukumu mgeni kabla hajafungua kinywa. Mwandishi akakitoa, akakifungua ukurasa wa kwanza, kisha akaanza kumweleza bahari, na merikebu, na nyumba ya wageni iliyo juu ya jabali, na maharamia ni watu gani. Eeddo akamkatiza.

"Soma tu, mwanangu," alisema. "Hayo mengine niachie."